Mikeka ya Bi Mwanahawa na Neno Nililoliandika Vibaya

Nyie mtakaoipanda ile ngazi baada yangu, kwanza ikagueni. Kipago cha tatu kutoka juu kimelegea, na aliyekilegeza ni mie, siku niliyoshuka bila kukusudia. Goti langu la kulia halijarudi kuwa goti. Daktari akaniambia mimi na ngazi basi, na katika idara ya sanaa mtu asiyeweza kupanda ngazi ni mgeni tu aliyekuja kutazama. Ndiyo maana nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Sijui mstaafu mwingine Temeke nzima ambaye bado anawaza atakuwa nani akiwa mkubwa.

Misi Palmer, mkuu wa idara yetu hapa chuo cha ualimu, amenipa daftari akaniomba niwaandikie kazi inavyofanywa, msije mkaanza upya. Elimu yangu ni darasa la sita, kule Tabora, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Vyeo navyo siviandiki. Nilianza mfagiaji, nikaishia mtundika picha, na katikati nilikuwa yote mawili.

Ukumbi mnaujua: lile bohari la bati ambalo jeshi lililiacha baada ya vita, hapa kilimani Chang'ombe. Siku yangu ya kwanza ulikuwa na picha saba na mavi ya popo. Misi Palmer alinikuta nimesimama na ufagio mbele ya picha ya mti, nimesahau kufagia. Nikajua kazi imekwisha kabla ya saa nne. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia, naona mti umechoka. Akaenda zake, na kesho yake akanipa nyundo. Tangu hapo nimeamini kwamba mtu anaweza kusahau kazi akapewa iliyo nzuri zaidi, ila nyie msijaribu.

Aliyenifundisha kuitumia hiyo nyundo ni fundi Hassanali, Mhindi mtengeneza fremu wa Kariakoo. Alikuwa akija kwa baiskeli, fremu zimefungwa nyuma kwa kamba kama kuni, kofia yake nyeusi haitikisiki hata kwenye makorongo. Picha zangu za kwanza nilizitundika usawa wa macho yangu, na mie ni mrefu. Yeye akasimama chini, kichwa amekirudisha nyuma mpaka kofia ikaanza kumtoka.

“Yakobo,” akasema, “wewe naweka picha kwa ajili ya twiga?”

Akanifundisha kwamba mtundika picha hapimi kwa jicho lake. Anapima kwa jicho la mama mfupi mwenye mtoto mgongoni, aliyetembea kutoka mbali, anayeogopa kuuliza. Yule akiona vizuri, wengine wote wataona. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu natazama kalenda yake iko juu kiasi gani, nanyamaza kwa adabu.

Vifaa ni hivi. Timazi, uzi, chaki, misumari yenye kichwa kidogo, na kitambaa kikavu cha kufutia nyuma ya fremu, maana ukuta wa bati hutoa jasho alfajiri. Mchwa huanzia nyuma ya picha, si mbele, kwa hiyo anayetazama mbele peke yake hajatazama. Matangazo bandikeni kwa gundi ya uji wa muhogo, lakini myabandike juu ya kimo cha mbuzi. Tangazo letu moja la michoro ya wanafunzi lililiwa lote pale sokoni, likabaki neno “Karibuni”.

Halafu kuna mazungumzo ya wasanii. Msanii anakaa mbele ya kazi zake, anaeleza, watu wanauliza. Wageni wengi walisema Kiingereza, na mkalimani nilikuwa mie. Mchoraji mmoja aliyekuwa akipita kwenda Zanzibar alisema kwa muda mrefu sana juu ya mwanga, akapunga mikono, akafumba macho. Alipomaliza nikageukia watu nikasema, “Anasema anapenda asubuhi.” Wakampigia makofi, naye akafurahi, akaniambia Kiswahili ni lugha fupi na nzuri.

Sasa niwaelezee ile kazi iliyonifundisha kuliko zote. Ni juu ya Bi Mwanahawa.

Nilikuwa nimepanga chumba Temeke, nyuma ya soko. Siku moja nilikaa kwenye mkeka wa mwenye nyumba wangu nikaona pambo ambalo sijaliona popote: mistari miwili myeusi inayokimbia pamoja, inakaribiana mpaka unadhani itagusana, kisha inaachana. Nikauliza nani kausuka. Nikaelekezwa nyumba ya sita, kwa Bi Mwanahawa, mjane Mzaramo anayeishi uani kwa shemeji yake, Mzee Pazi. Misi Palmer baadaye aliwaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyemgundua. Bi Mwanahawa hakuwa amepotea. Alikuwa pale pale, ila mie ndiye niliyechelewa kukaa chini.

Tulikuwa tunatayarisha maonyesho makubwa, kazi za wanafunzi pamoja na za watu wa mitaa inayotuzunguka, na Misi Palmer akataka Bi Mwanahawa alete mikeka na aje kuzungumza. Yule mama alisikiliza huku akichana ukindu kwa ukucha. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, ananitambua kwa sauti. Akasema mikeka atatoa, minne, mmoja wao msala wake wa kuswalia. Lakini ana sharti.

“Sitaki kuja kusemasema,” akaniambia. “Nataka mtu mmoja aondoke pale akijua kuuanza ule ukili. Katikati kila mtu anaweza kufuata. Mwanzo ninao mimi peke yangu.”

Ukili, kwa nyie mnaotoka bara kama mie, ni ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, kisha unashonwa kuzungukazunguka mpaka uwe mkeka. Mwanzo wake ndio unaoamua pambo. Bi Mwanahawa alipewa na mama yake, naye akampa binti yake, na binti akafariki kwa uzazi. Mwaka mwingine mmoja, alisema, macho yatakuwa yamefunga, na vidole peke yake havitaweza kumwonyesha mtu mwingine kosa liko wapi. Nikamwahidi kwamba Jumamosi ya maonyesho wanafunzi wa kike wote watakuwepo. Niliahidi upesi, kama kawaida yangu.

Likaja suala la tangazo. Mwandishi wa herufi kubwa nilikuwa mie, na Misi Palmer akataka kichwa cha habari cha Kiswahili. Akafungua kamusi yake, akatafuta neno la picha na vitu vilivyotengenezwa, akaliona: sanamu. Akaniuliza ni sawa? Nikasema ni sawa kabisa. Kule kwetu shuleni mwalimu alituambia chora sanamu ya ng'ombe, tukachora ng'ombe kwenye kibao, basi. Kwangu sanamu ilikuwa kitu cha chaki. Nikaandika matangazo kumi na manne kwa wino mwekundu, MAONYESHO YA SANAMU, nikachora na vivuli vya herufi. Nilijipenda sana siku ile. Nikayabandika Temeke nzima, moja hatua chache tu kutoka msikitini, mahali penye ukuta mzuri.

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla, Mzee Pazi aliingia ukumbini. Amevaa kanzu, bakora mkononi. Tukasalimiana vizuri, nyumbani, watoto, mvua. Kisha akasema amekuja kuchukua mikeka ya shemeji yake. Nikamwambia labda hakuelewa, maonyesho ni Jumamosi. Akasema ameelewa vizuri, amesoma mwenyewe, na mkeka anaoswalia mtu hauwezi kukaa nyumba moja na masanamu. Akanionyesha kwa bakora tangazo langu mlangoni. Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Akaikunja mikeka yote minne, akaiweka begani, akaniaga kwa adabu ile ile aliyoingia nayo, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jioni nilibisha hodi uani kwake. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kibarazani, mikono mitupu. Sikuwahi kumwona mikono mitupu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Ndiye wewe Yakubu mwenye masanamu?”

Jina langu ni Yakobo, lakini yeye alilipeleka pwani tangu siku ya kwanza. Akanieleza kwamba jirani zake wameshakuja watatu. Mmoja alisikia Wazungu wataabudu pale, mwingine alisikia mikeka itatandikwa chini ya miguu ya masanamu, wa tatu hakusikia kitu ila alikuja kuona Bi Mwanahawa atafanya nini. Nikamweleza mambo ya ng'ombe wa kwenye kibao. Nikasema kwetu neno lile ni mchoro tu.

“Kwenu wapi?”

“Tabora, bibi. Mie Mnyamwezi.”

Mzee Pazi alikuwa ndani anakunywa kahawa, tukamsikia akipaliwa. Akatoka na kikombe chake.

“Mnyamwezi,” akasema taratibu, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta mfukoni. “Siku tatu nasema, nani huyu aliyeandika upuuzi ule kwa mwandiko mzuri namna ile? Kumbe ni mtani wangu.”

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za wazee wetu waliobeba mizigo mpaka pwani. Mtani hakasirikiwi, anatozwa faini. Nikaanza kupumua. Lakini Bi Mwanahawa alikuwa hajamaliza.

“Utani baadaye,” akasema. “Yakubu, niambie kweli. Mle ndani yapo au hayapo?”

Ningeweza kusema hayapo. Macho yake yasingeona, na Mzee Pazi hakuyaona alipoingia, yalikuwa yamefunikwa gunia. Nikafikiria wanafunzi wa kike wamekaa wanamngoja mtu asiyekuja, nikafikiria ule mwanzo unaobaki kwenye vidole vya mtu mmoja mpaka vinazikwa. Uongo ulikuwa karibu sana na ulimi.

“Yapo mawili,” nikasema. “Vichwa vya watu, vya udongo. Wanafunzi waliumba. Vingine ni picha za karatasi.”

Mzee Pazi akatazama ndani ya kikombe chake.

“Kuna stoo ubavuni,” nikaendelea, “ina mlango wake wa nje. Nitaitoa vitu vyote nipake chokaa. Mikeka ikae humo peke yake, na anayekuja kwenye mikeka asipite kwenye udongo.”

“Na lile neno?”

“Nitalifuta.”

“Utaandika nini badala yake?”

Nikasema sijui. Kwa kweli nilikuwa nimeyaogopa maneno yote siku ile. Bi Mwanahawa akainua mikono yake miwili akaigeuzageuza, viganja vina makovu ya ukindu kama mistari ya daftari.

“Andika kazi za mikono. Si ndiyo iliyofanya?”

Kisha Mzee Pazi akanitoza. Faini yangu ilikuwa kwamba kesho yake nitazunguka kwenye kila tangazo na brashi yangu, naye atanisindikiza, ili watu wamwone aliyeandika.

Usiku ule sikulala vizuri kwa kuwaza nitamwambia nini Misi Palmer. Asubuhi nilimweleza yote. Akaenda kwenye kamusi, akaweka kidole kwenye neno, akasema hili hapa, limeandikwa. Nikasema ndiyo Misi, lakini kamusi haijapanga chumba Temeke. Lilinitoka tu. Akanitazama, akaifunga kamusi, akauliza stoo ina nini ndani. Ilikuwa na viti vibovu, makopo ya rangi na nyuki. Tulivitoa pamoja, yeye amekunja mikono ya gauni, na nyuki hawakumpendelea mtu.

Mchana tukazunguka na Mzee Pazi. Hebu fikirini: mie na kopo la chokaa na wino, yeye na bakora. Kila tukisimama, watu wanakusanyika.

“Mlitaka kuona sanamu,” anawaambia. “Sanamu ndiyo hii, imetoka Tabora. Inakula ugali na kuandika vibaya. Hamna cha kuogopa.”

Kwenye ukuta ule wa karibu na msikiti alinikalisha kimya muda mrefu, akisema sanamu haigeuki. Mwalimu wa watoto akatoka kutazama, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akauliza kwa utulivu mikeka itakaa wapi. Mzee Pazi akamweleza juu ya ile stoo yenye mlango wake. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akarudi ndani. KAZI ZA MIKONO ni ndefu kuliko SANAMU, kwa hiyo herufi zilibanana kama watu kwenye bomba la maji, na matangazo mawili sikuyarekebisha kwa sababu mbuzi walikwisha nisaidia.

Hapa kuna la kazi, liandikeni mahali. Mkeka hautundikwi. Nilikuwa nimeanza kupigilia misumari ukutani mwa stoo, misumari minane, kwa timazi, usawa wa yule mama mfupi. Bi Mwanahawa alifika Ijumaa ameshikwa mkono na Mzee Pazi, aliyeirudisha mikeka begani, akaupapasa ukuta, akagusa msumari, akauliza huu wa nini. Nikamweleza.

“Mkeka unatandikwa,” akasema. “Ukiutundika haukaliki. Unaangaliwa tu.”

Niliing'oa misumari yote. Fundi Hassanali, aliyekuwa amekaa mlangoni na fremu alizoleta bure, alisema tangu aanze kazi hii hajawahi kusikia mtu akisema neno kubwa hivyo juu ya ukuta mtupu.

Jumamosi baada ya adhuhuri nilisimama nje ya stoo. Saa nane, hakuna mtu. Wageni wa Kizungu walikuwa ukumbini kwenye picha, wanafunzi wa kike ndani ya stoo, wamekaa mmoja mmoja pembeni kama wanaongoja daktari. Bi Mwanahawa katikati, kifurushi cha chane, yaani zile nyuzi za ukindu uliochanwa, na bakuli la maji pembeni. Hakuuliza kama watu wamekuja. Nilitamani aulize, ili nipate kumjibu kitu.

Kisha nikasikia vicheko barabarani. Wakina mama wa Temeke walikuwa wanapanda kilima, kumi, kumi na tano, na wale jirani watatu mbele, wakimwuliza kila mtu sanamu ya Tabora iko wapi. Wakanizunguka, wakanigusa mashavu kuona kama ni udongo. Walipofika mlangoni wakavua viatu bila kuambiwa, kwa kuwa mikeka ilikuwa imetandikwa. Misi Palmer akaja nyuma yao, akavitazama vile viatu, akainama akafungua vyake.

Bi Mwanahawa hakutoa hotuba. Alisema tu, “Anayetaka kujua na asogee.” Nilikuwa tayari kutafsiri, nikabaki nimefunga mdomo.

Jirani mmoja akamwuliza, kwa sauti ya kulalamika kidogo, mbona miaka yote hii hakuwafundisha wao.

“Hakuna aliyeniuliza,” akajibu. “Mlikuwa mnakalia.”

Hakuna aliyecheka. Wakasogea.

Akaanza. Chane kumi na tatu, akizilowesha moja moja, akizikunja namna ambayo nimeitazama mara nyingi na bado siwezi kuwaandikia. Akaanza tena, akaanza tena, kila mara akiwapa wajaribu. Wakina mama, wasusi wenyewe, waliukosa kwa sababu mikono yao ilikuwa inajua njia nyingine, ikakimbilia huko. Wanafunzi wakaukosa kwa sababu hawakujua njia yoyote. Mmoja mmoja wakaweka chini, wakabaki wanatazama. Nikaanza kuhesabu waliobaki.

Akabaki Ndeshi, msichana wa Moshi, mnyamavu, wa mwaka wa kwanza. Kwao hakuna mkeka wa ukindu. Akasuka kipande cha urefu wa kidole, akampa. Bi Mwanahawa akapitisha kidole gumba juu yake, akakifumua chote, akamrudishia chane. Mara ya pili akakifumua. Mara ya tatu kidole gumba kikafika nusu, akafumua, na Ndeshi akauma mdomo. Ilikuwa saa kumi, jua linaingia mlangoni, wageni wa picha walikwisha kuondoka. Hakuna mwanamke wa Temeke aliyenyanyuka.

Mara ya nne Bi Mwanahawa alipapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudi mwanzo. Akapapasa tena, polepole, pale mistari miwili inapokaribiana. Sie wote tulikuwa tunatazama kile kidole gumba.

Hakukifumua. Alikiweka mapajani kwa Ndeshi, akachagua chane nyingine, akampa.

Ndeshi akaanza kulia, machozi yanadondokea kwenye kazi, akawa anahangaika kuyafuta kwa mkono asije akaiharibu. Bi Mwanahawa aliyasikia, maana kuona hakuona. Akalisogeza bakuli pembeni.

“Lia tu, mwanangu,” akasema. “Ukindu unataka maji.”